Amepigwa, au Anavuja Damu?

Baba mkubwa alianguka alfajiri, baada ya kutawadha na kabla ya kuswali. Mama mkubwa alisikia kopo likigonga sakafu ya bafuni, akaenda mbio. Alimkuta ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Alikuwa bado anasema. Alishika kisogo akalalamika kwamba kichwa kinapasuka, kisha akatapika, na baada ya hapo maneno yakakatika.

Jua lilipochomoza sebule ilikuwa imejaa watu wanaompenda. Mmoja alileta maji ya sukari. Jirani alitoa vidonge viwili vya aspirini. Kijana alitumwa kwa shehe, akarudi na kombe: sahani nyeupe ya kauri, aya zimeandikwa kwa zafarani, zikayeyushwa taratibu kwa marashi mpaka maji yakawa ya manjano. Mzee mmoja alisema huo ni upepo mbaya, na mtu mwenye upepo mbaya hachomwi sindano. Mwenye kauli ya mwisho nyumbani, mwanawe mkubwa anayefanya kazi Maskati, simu yake ilikuwa haipatikani. Gari lilikuwa uani na ufunguo wake ukutani. Tukangoja. Nami nilikuwepo, nikangoja pamoja nao. Tuliondoka kwenda hospitali baada ya adhuhuri, na siku ya tatu tulimzika.

Simlaumu yeyote aliyekuwa sebuleni siku ile. Nimejiuliza kwa miaka jambo moja: kwa nini watu wenye akili na huruma, wenye gari na mafuta ndani yake, wanaweza kukaa saa saba mbele ya mtu anayekufa? Kutafuta jibu nimelinganisha jinsi mila mbalimbali zilivyouelewa ugonjwa huu na jinsi zilivyochelewa kuutibu. Nimegundua kwamba kila jamii ina mlango wake wa kuchelewea, na kwamba mlango wetu wa kwanza uko ndani ya kitenzi.

Jina la pigo

Wagiriki wa kale waliuita apopleksia, kutokana na kitenzi chenye maana ya kupiga na kuangusha. Waingereza wa leo hutumia neno lao la kawaida la pigo, na Wajerumani vivyo hivyo. Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, ugonjwa wa kupooza upande mmoja huitwa pakshaghata: paksha ni ubavu, aghata ni pigo, na chanzo chake ni vata, nguvu ya upepo mwilini iliyovurugika. Wachina waliuita zhongfeng, yaani kupigwa na upepo, na Wajapani wakalichukua neno hilohilo kwa matamshi yao. Waganga wa Kiarabu walikuwa na majina mawili. Sakta ni kunyamaza: mtu anazimika ghafla, hasemi wala hatikisiki. Falij ni kupasuliwa nusu: upande mmoja uko hai, mwingine umekufa. Neno hili la pili lilivuka bahari likawa faliji, na kamusi za Kiswahili zimelihifadhi.

Sisi je? Mtu hupigwa na kiharusi. Hukumbwa na upepo. Huangushwa na presha. Katika lugha zote hizi, ambazo nyingine hazikuwahi kukutana, mgonjwa ni mtendwa. Watu wa Athens, wa Bagamoyo na wa Beijing waliona jambo moja, wakaliona sawasawa: mtu mzima aliyekuwa akisema na kucheka ameanguka chini kwa nguvu isiyoonekana.

Lakini palipo na pigo pana mpigaji, na swali la kwanza linalokuja ni nani kapiga. Mila moja itajibu Mungu, nyingine upepo, nyingine pepo, nyingine mtu mwenye husuda. Swali hilo lina heshima yake, maana binadamu hataki kuumia bila sababu. Tatizo ni kwamba kulijibu kunachukua asubuhi nzima.

Kuna jambo la ndani zaidi. Tunaposema amepigwa, ile -me- inatuambia tendo limekwisha. Pigo limetua, kilichobaki ni kumlaza aliyepigwa, kumpepea, na kuwaita wakubwa washauriane. Mtu aliyekwisha kupigwa anaweza kungoja.

Kinachotokea ndani ya fuvu ni kingine. Mshipa mdogo wa damu, uliochoshwa na shinikizo la damu la miaka mingi, umepasuka. Damu inaingia kwenye ubongo. Fuvu ni mfupa, halitanuki kama tumbo, hivyo kila tone linalotoka linajitafutia nafasi kwa kuusukuma ubongo pembeni. Kwa takriban theluthi moja ya wagonjwa, donge lile la damu huendelea kukua katika saa chache za mwanzo. Hapa kitenzi sahihi kina -na-: anavuja. Baba mkubwa alipokuwa amelala mkekani tukibishana juu ya upepo, alikuwa anavuja damu, na hakuna aliyeiona.

Wahenga wa mila zote hizo hawakuwa wazembe. Hawakuwa na njia ya kuiona. Mwaka 1658 daktari Johann Jakob Wepfer wa mji wa Schaffhausen, Uswisi, alichapisha kitabu juu ya watu waliokufa kwa apopleksia. Alikuwa amepasua vichwa vya maiti na kukuta damu iliyomwagika kwenye ubongo. Hata hivyo aliijua damu hiyo baada ya mtu kufa. Ilipita miaka 313 zaidi kabla ya ubongo wa mgonjwa aliye hai kupigwa picha ya kipimo cha CT-Scan kwa mara ya kwanza, tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Kabla ya siku hiyo hakuna mganga wala profesa aliyeweza kumtazama aliyeanguka na kusema kwa uhakika kama mshipa wake umepasuka au umeziba. Na tofauti hiyo ni kubwa: aspirini inayomsaidia aliyezibwa mshipa inaweza kumzidishia kuvuja aliyepasukiwa. Ndiyo maana vile vidonge viwili vya jirani yetu, vilivyotolewa kwa wema, vilikuwa kamari.

Hai na Dar es Salaam

Watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, hudhani kwamba imani za mapepo ziko shamba na elimu ya afya iko mjini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanyika Dar es Salaam na wilayani Hai, Kilimanjaro, uliwahoji wagonjwa wa kiharusi, ndugu zao, waganga wa jadi na watu wa kawaida, jumla 80. Matokeo yaliyapindua mawazo hayo. Hai, kijijini, watu walitaja zaidi shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na msongo wa mawazo, na kituo chao cha kwanza kilikuwa hospitali. Dar es Salaam, jijini, walitaja zaidi mapepo na uchawi. Kwa kuamini kuwa ni mapepo, waliikwepa hospitali na kuanzia kwa mganga.

Utafiti mwingine uliofanyika katika maeneo hayohayo kati ya mwaka 2003 na 2006 ulihesabu wanaopatwa na kiharusi. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam wapatao 316. Ziweke tafiti hizi mbili pamoja: mahali penye kiharusi kingi zaidi, tena pa karibu na hospitali kubwa kuliko zote nchini, ndipo jina la pepo lilipokuwa na nguvu zaidi. Umbali wa barabara haukuwa kila kitu. Jina lilikuwa limejenga ukuta mrefu kuliko kilomita.

Huko Agincourt, kaskazini-mashariki mwa Afrika Kusini, watafiti walikuta wasemaji wa Kitsonga wana majina mawili kwa dalili zilezile. Xistroku, neno la kukopa, ni ugonjwa wa kawaida wa kimwili. Xifulana ni kupooza kunakotokana na kukanyaga dawa iliyotegwa na adui. Dalili ni moja, majina mawili, na njia mbili: huyu hupelekwa hospitali, yule kwa mganga au kwa nabii wa kanisa, na wengi hupita kote. Basi jina linapotamkwa pale sebuleni, linafanya kazi kama kibao cha njiapanda.

Tanzania tumewahi kuyaona haya kwa degedege. Utafiti uliofanyika Bagamoyo miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mtoto mwenye homa na mtukutiko alipelekwa kwanza kwa mganga, kwa kuamini kuwa degedege ina asili ya pepo na kwamba sindano ingemuua. Mzee wetu aliyekataza sindano alfajiri ile hakuitoa kauli yake hewani. Aliihamisha hofu ya zamani ya ugonjwa mmoja akaiweka kwenye mwingine.

Wala tusidhani ni Afrika peke yake. China watu wengi hushauriana kumchoma aliyeanguka kwa sindano ncha za vidole vyote kumi na kutoa matone ya damu, jambo lenye mizizi katika tiba yao ya kale. Ushauri huo umesafiri kwa simu dunia nzima. Mimi mwenyewe nimeupokea kwenye kundi la familia, ukisisitiza kwamba mgonjwa asisogezwe kwanza mpaka vidole vitoe damu. Ulaya nayo ilitoa damu kwa wagonjwa wa apopleksia kwa karne nyingi. Kila mila ilikuwa na tendo lake la kufanya kwanza, na kila tendo lilikuwa na dakika zake.

Moscow na Quebec

Hata hivyo, mwandishi akiishia kwenye imani atakuwa amewadhulumu waganga na mashehe. Yapo mauti mawili ya watu mashuhuri ambayo hayakuwa na mganga wala kombe, na saa zilipotea vilevile.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi 1953, Joseph Stalin alikula na kunywa na wenzake katika nyumba yake ya Kuntsevo, nje ya Moscow. Mchana wote uliofuata hakutoka chumbani. Walinzi walijua kuna tatizo, lakini hakuna aliyethubutu kufungua mlango wa mtu yule bila kuitwa. Walipoingia usiku walimkuta sakafuni, nguo zimelowa mkojo, hawezi kusema. Wakapiga simu kwa wakubwa. Wakubwa walikuja usiku wa manane, wakamtazama, wakasema amelala, asisumbuliwe. Madaktari walifika asubuhi ya tarehe 2, na miongoni mwa matibabu waliyompa ni ruba za kunyonya damu. Madaktari kadhaa bingwa, pamoja na aliyekuwa akimtibu mwenyewe, walikuwa gerezani kwa amri yake. Alifariki tarehe 5, kwa damu iliyovuja upande wa kushoto wa ubongo.

Nilipokisoma kisa hiki niliiona sebule yetu. Mtu yule alikuwa na dola nzima nyuma yake, sisi tulikuwa na gari moja la mitumba. Yeye alizungukwa na hofu, baba mkubwa alizungukwa na mapenzi. Lakini fundo lilikuwa lilelile: hakuna aliyekuwa na idhini. Walinzi waliwangojea wakubwa, sisi tulingoja simu ya Maskati. Katika nyumba zetu nyingi mwenye pesa na mwenye umri ndiye anayesema tuondoke, na mke aliyeliona tukio kwa macho yake, anayejua saa kamili lililoanza, hukaa pembeni akimpangusa mgonjwa matapishi.

Kisa cha pili ni cha tarehe 16 Machi 2009, Mont-Tremblant, Quebec, nchini Kanada. Mwigizaji Natasha Richardson alianguka alipokuwa akijifunza kuteleza kwenye theluji. Aliinuka, akazungumza, akaona hana neno. Gari la wagonjwa lililoitwa likarudishwa. Baadaye kichwa kikaanza kumuuma, gari la pili likaitwa, akapelekwa hospitali moja, kisha nyingine kubwa zaidi Montreal. Alifariki New York tarehe 18. Damu ilikuwa imejikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo. Madaktari wanaijua hila ya jeraha hilo: humpa mtu nafuu ya uongo ya dakika au saa kadhaa, aseme na kucheka, huku donge likijaa.

Nafuu hiyo ya uongo tunayo kila siku barabarani. Kijana anaanguka na bodaboda, anajikung'uta vumbi, anaikagua pikipiki kabla ya kujikagua yeye, anakwenda nyumbani kulala. Asubuhi haamki. Hapo hakuna aliyemwita mganga. Kilichomchelewesha ni kuona damu haitoki popote, basi hajaumia.

Mlango wa hospitali

Upo ucheleweshaji ambao haukai nyumbani. Nao ni wa zamani kuliko hospitali zenyewe. Mwandishi wa mafundisho yanayohusishwa na Hippocrates alifundisha kwamba apopleksia kali haiponi, na hafifu huponywa kwa taabu. Ibn Sina alipoandika Kanuni yake, karne ya 11, alipokea urithi huo wa tiba ya Kigiriki akauendeleza, na kitabu chake kilisomwa na waganga wa Kiislamu na wa Ulaya kwa mamia ya miaka. Kwa enzi zao lilikuwa neno la ukweli. Leo likibaki moyoni mwa mhudumu linakuwa sumu. Mgonjwa anaingia amezimia, anatazamwa, na mtu ananong'ona kwamba huyu tayari. Anasogezwa ukutani apishe wenye matumaini.

Sisi tulipofika hospitali ya kwanza tuliambiwa kipimo hakifanyi kazi, twende nyingine. Kwenye hospitali ya pili tulitakiwa kulipa kwanza, na tukaanza kuchangishana pale korido, watu wanatoa noti mifukoni na kutumiana pesa kwa simu. Katika saa zote hizo presha yake ilipimwa mara mbili na kuandikwa kwenye karatasi. Ilikuwa juu sana. Sikumwona mtu akiishusha.

Jambo hilo linaniuma zaidi tangu niliposoma matokeo ya jaribio la INTERACT3, yaliyotolewa mwaka 2023. Lilihusisha wagonjwa zaidi ya 7,000 waliovuja damu kwenye ubongo, katika nchi 10, tisa kati yake zikiwa za kipato cha chini na cha kati. Hawakupewa maajabu. Presha ilishushwa haraka, lengo likiwa ndani ya saa moja, sukari ikadhibitiwa, homa ikateremshwa, waliokuwa wakitumia dawa za kuzuia damu kuganda wakapewa za kuitengua nguvu yake. Waliotibiwa kwa mpango huo walikuwa na hali nzuri zaidi miezi sita baadaye kuliko waliotibiwa kwa mazoea. Yale yaliyokuwa hayatibiki tangu Ugiriki yana la kufanywa, na sehemu kubwa yake haihitaji daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Inahitaji mtu mwenye dawa, mashine ya presha na haraka.

Kuita damu kwa jina lake

Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kwamba mama mjamzito hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: kuamua kuondoka nyumbani, kufika hospitali, na kuhudumiwa akishafika. Mgawanyo huo unaingia kwenye kiharusi kama mkono kwenye glavu: jina na idhini nyumbani, gari na barabara njiani, foleni na malipo hospitalini. Tofauti ni kwamba kwa wajawazito tumeshaanza kufanya jambo. Tanzania ina mpango wa m-mama, ambapo simu moja ya bure humtafutia mama gari la wagonjwa, na lisipokuwepo hutumwa dereva wa kawaida wa jirani aliyesajiliwa, ambaye analipwa na mpango. Mama hangoji mchango. Sioni kwa nini njia hiyohiyo isimbebe baba aliyeanguka bafuni.

Naamini mama mjamzito alipata haki hiyo mapema kwa sababu damu yake inaonekana. Katika mila zote nilizozitaja sijakuta hata moja inayoitazama damu ikimwagika halafu ikakaa kuulizana imetumwa na nani. Damu inaagiza. Inaondoa cheo sebuleni. Mtoto wa miaka kumi anaweza kupiga kelele gari liwashwe na wazee wakamtii. Kiharusi cha kuvuja ni damu iliyonyimwa rangi yake, nasi tumelijaza pengo hilo kwa tafsiri.

Wachina wamelielewa hili la lugha. Tangu miaka ya 2016 na 2017 wanafundishana kiharusi kwa namba yao ya dharura, 120: moja, tazama uso mmoja kama umepinda, mbili, tazama mikono miwili kama mmoja umelegea, sifuri, ambayo kwa Kichina inasikika karibu na neno la kusikiliza, sikiliza usemi. Hawakutafsiri ufupisho wa Kiingereza. Waliunda wa kwao, uliokaa kwenye ulimi wao.

Nasi tunaweza. Uso, mkono, ulimi: kimoja kikienda upande ghafla, au kichwa kikipasuka kwa maumivu ambayo mtu hajawahi kuyapata, tamko liwe moja: anavuja damu kichwani. Inawezekana hospitali wakakuta mshipa umeziba, haukupasuka. Hakuna hasara, kwani aliyezibwa naye anahitaji haraka ileile. Asipewe maji, chai wala kidonge, kwa kuwa koo lililopooza hupeleka kinywaji kwenye mapafu. Dua isomwe, tena isomwe kwa sauti, ndani ya gari linalokwenda. Na nyumba iamue leo, watu wakiwa wazima, kwamba siku hiyo aliye karibu ndiye mwenye kauli.

Mama mkubwa alinisimulia upya ile alfajiri muda mrefu baada ya arobaini. Alikuwa ameketi kibarazani, upande wa khanga begani. Nilimweleza nilichojifunza: mshipa, damu, donge linalokua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akashika ncha ya khanga yake.

"Mwanangu," akasema, "angekuwa anavuja mguuni, ningeivua hii nikamfunga, na nisingemngoja mtu."